Mmoja Tena

...na kama akikosa, basi na akose, akose yote miwili, wazo hilo lilimpita Vernetta Mabry kichwani kabla hajawahi kulizuia, na papo hapo akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyetukana kanisani, lakini nani angesikia, tarumbeta za chuo zinalia, ngoma zinatikisa viti, wapinzani wameomba mapumziko makusudi ili kumvunja moyo mwanawe, ndiyo janja ya makocha, mpe kijana nafasi ya kufikiri naye atatetemeka, na Ellis, kitindamimba wake, amekaa kwenye benchi kule chini na taulo kichwani, anangoja kurudi mstarini kutupa mitupo miwili ya adhabu, timu ziko sawa, saa imebakiza pumzi moja, mtupo mmoja tu ukiingia basi chuo kidogo cha Tullis kimetwaa kombe la mpira wa kikapu juu ya lile la futiboli walilobeba Januari, futiboli yao ya kofia ngumu na kugongana vifua, yote mawili mwaka mmoja, jambo adimu kama maziwa ya kuku, vyuo vikubwa vyenye viwanja kama miji hulala vikiliota na kuamka mikono mitupu, sembuse Tullis... "Bi Vernetta," mwanamume wa safu ya nyuma akamwinamia, harufu ya karanga za kuchemsha ikamtangulia, "samahani mama, naomba nikuguse bega, kidogo tu," na kabla hajajibiwa alikwisha gusa, kisha akanyoosha mkono akagusa na kile kiti cha kulia kwake, kiti kisichokaliwa na mtu, kilichovishwa jezi ya futiboli nambari hamsini na nne, akanong'ona, "Kazi kwako, Roscoe," akarudi kukaa, ametulia kama aliyelipa nauli.

Roscoe, mwanawe mkubwa, aliyekufa Agosti katika uwanja wa mazoezi, jua la saa nane, Kocha Brandt wa futiboli akiwakimbiza kwa sababu mtu mmoja alichelewa, mmoja tena, mzunguko mmoja tena, wavulana wakitapika kwenye nyasi na Roscoe akikimbia kwa sababu alilelewa kumtii mkubwa, hata akaanguka, na yule muuguzi aliyemfikia kwanza akaja baadaye kumwambia Vernetta kwa sauti ya chini, hakuwa na jasho, mama, hata tone, ngozi ilikuwa kavu na moto kama sufuria iliyosahauliwa jikoni... na mazishini Kocha Brandt akashika kipaza sauti akasema, "Roscoe hajaondoka, yuko nasi, atawazibia wapinzani njia kila mechi," watu wakaitika amina, na yeye mwenyewe Vernetta akaitika amina, mtu hujui unaitikia nini siku kama ile, mdomo huitika wenyewe. Kisha wakaanza kushinda. Mpira uliokuwa unatoka nje uligonga mlingoti ukaingia, sawa, upepo, lakini yule mkimbiaji wa timu ya mlimani, aliyekuwa peke yake mbele, hana mtu wa kumzuia, akaanguka kwenye nyasi kavu, akainuka akitazama kifundo chake cha mguu, na alipoulizwa na waandishi akasema kuna mtu alinishika, na Tullis nzima ikacheka, wiki ile ilicheka, wiki zilizofuata haikucheka tena, ilianza kupanda ngazi za baraza la Vernetta na pai za viazi vitamu, na maua, na viatu vya watoto wachanga viguswe, wakamwekea kile kiti, wakamleta kwa gari kila mechi, Bi Vernetta hapa, Bi Vernetta pale, watu ambao zamani walimpita dukani kama wanapita rafu ya chumvi, naye akakubali, Mungu anajua alikubali, nyumba ilikuwa kimya mno, na mtu anayelitaja jina la mwanao ni afadhali kuliko asiyelitaja kabisa...

"Kunywa maji, Dada Vernetta," Earline akamsukumia chupa, Earline wa kwaya, wamekaa pamoja kanisani tangu wana wao wakinyonya, "rangi yote imekutoka." "Sina kiu." "Kunywa hivyo hivyo. Wewe unafikiri huyu mtoto atakosa? Hajakosa tangu Januari! Hata akifunga macho!" na ndilo lenyewe hilo, hajakosa tangu Januari, Ellis ambaye tangu utoto mitupo yake ya adhabu ilikuwa kichekesho, Roscoe akimwambia, wewe ukitupa hata ndege huhama, Ellis wa akiba, wa kuingizwa mambo yakiharibika, katika timu ambayo kila Februari ilikuwa imekwisha rudi nyumbani, sasa kombe la futiboli lilipowekwa tu kabatini, yeye akaacha kukosa. Jumapili moja akala kwake, mabega yamekonda, akamaliza jagi la chai baridi akaomba jingine, kisha akasema bila kuinua uso, "Mama, nikisimama pale mstarini kuna mtu anapumua nyuma yangu." "Kelele za watu hizo." "Wetu hawapigi kelele nikitupa, Mama. Wananyamaza kabisa. Ndipo ninapomsikia. Anahema kama mtu aliyekimbizwa mno. Halafu ananiambia, mmoja tena." Naye Vernetta alifanya nini, akamwongezea wali, akasema ni ndugu yako, mwanangu, amekuja kukusaidia, na Ellis akauliza, "Sasa mbona ninaogopa?"

Mbona anaogopa... swali lile alilifungia mahali, likakaa kama panya ukutani, likakwaruza, mpaka Alhamisi iliyopita nyuma ya ukumbi wa kanisa alipowasikia wanaume wakikunja viti, mmoja akisema, "Bwana alitwaa mmoja akatupatia futiboli. Kwa kikapu je, atataka mmoja tena?" wakacheka, kisha wakamwona mlangoni, kicheko kikakatika, na kilichomgandisha damu si maneno, watu husema ovyo, ni kwamba hakuna aliyeomba radhi, walimtazama tu, kwa adabu, kwa subira, kama watu wanaongoja jibu. Na Roscoe, Roscoe wake, aliyekuwa akimega mkate akampa mdogo wake kipande kikubwa, aliyemrudisha kobe mtoni kwa mikono yake lori lisimponde, huyu ndiye wa kumshika mtu mguu? Huyu ndiye wa kusimama mgongoni kwa Ellis amtishe? Roscoe alikuwa wa kusema pumzika, kaa, nitamwambia Mama nilivunja mimi. Maisha yake yote hakupata kumwambia mtu mmoja tena. Alikuwa akiambiwa.

Si yeye. Si Roscoe, hajawahi kuwa Roscoe, na miezi yote hii nimekalisha kitu gani karibu nami, nimekifunika jezi ya mwanangu, nimemwambia mtoto wangu asikiogope... king'ora kikalia, mapumziko yamekwisha, tarumbeta zikanyamaza, na kwenye ile skrini kubwa inayoning'inia katikati ya ukumbi wakamwonyesha Ellis akivua taulo, uso mkubwa kama nyumba, wenzake pande zote wanang'aa kwa jasho, linawachuruzika videvuni, na yeye amekauka, paji kavu, midomo imepauka na kupasuka, baada ya mechi nzima hana tone.

Akasimama. "Kaa chini, Dada," Earline akamvuta sketi, "utamtia mkosi!" "Umemwona uso?" "Ni mitupo miwili tu!" "Earline, umeuona uso wa mwanangu?" na Earline akatazama skrini, akaachia sketi, akajiziba mdomo. Ellis akapokea mpira kwa mwamuzi. Tullis yote ikanyamaza, maelfu ya watu kwa mara moja, mikono juu, vidole vimetanuliwa, na katika ukimya ule Vernetta akakisikia kwa masikio yake, hakikuwa nyuma ya Ellis, kilikuwa kila mahali, kilitoka kwenye safu za juu na za chini, kwa mtu wa karanga, kwa watoto waliopakwa rangi mashavuni, kwa Kocha Brandt aliyekaa mstari wa mbele na suti yake, wote wakivuta pumzi pamoja na kuishusha pamoja, nzito, yenye njaa, na kwa miezi saba pumzi yake mwenyewe ilikuwa humo ndani, ikienda nao sawia. Akaizuia. Akaishika kifuani mpaka ikawa yake peke yake, kisha akaitoa yote.

"Ellis! Usitupe! Mwanangu, weka mpira chini!"

Watu wakageuka, safu baada ya safu, mikono ingali juu, nyuso anazozijua, na hakuna uso hata mmoja uliokuwa na huruma, na ajabu ni kwamba hakuwaogopa, alikuwa amekwisha jipenyeza kwenye ngazi anashuka, mkono kwenye chuma cha pembeni, filimbi iko mdomoni mwa mwamuzi haijapulizwa, saa haijasogea, na Ellis kule mstarini ameushika mpira tumboni, anainua kichwa, anamtafuta, anatazama juu sana, kisha upande, kisha chini zaidi, mpaka macho yao yakakutana, na magoti ya kijana yakaanza kutetemeka, kutetemeka kwa kawaida, kama kwa mtoto yeyote.