Giaboksi ya Mama Mkwe

Gari liliingia uani likitetemeka kama mgonjwa wa homa, likasita, likarudi nyuma kukwepa pipa, likajivuta tena. Fundi aliyekuwa amelala chali chini ya lori hakuhitaji kuchungulia ili ajue lina ugonjwa gani. Alichungulia ili ajue ni la nani. Akaona viatu vyeupe vya mama mkwe wake vikishuka, akarudisha kichwa chini ya lori na kuendelea kukaza nati.

Mama mkwe, Mkunga kama alivyoitwa na wote, alisubiri. Wodi ya wazazi ilikuwa imemfundisha subira kwa miaka thelathini na mmoja, ila huku kusubirishwa kwa makusudi kulimtia hasira.

"Fundi," aliita mwishowe.

"Shikamoo, mama." Sauti ilitoka chini ya lori, kavu.

"Marahaba. Nimeleta gari."

"Nimelisikia."

Asingekuja kama angekuwa na njia nyingine. Juma lililopita, kwenye gereji kubwa yenye sakafu ya vigae, bwana mmoja mwenye shati jeupe alimwambia giaboksi imekwisha, lazima ibadilishwe nzima. Bei aliyoitaja ilimfanya Mkunga amwombe airudie. Bila gari asingeweza kuwazungukia majumbani wazazi waliokuwa bado wakimwita, na bila kazi hiyo angebaki kikongwe wa kukaa kibarazani. Binti yake, aliyerudi nyumbani miaka miwili nyuma na masanduku mawili, alimwambia bila kuinua macho kwenye nguo aliyokuwa akiipiga pasi: "Kama hutaki kuibiwa, mpelekee yeye."

Mle ndani hakuna aliyelitaja jina la huyo "yeye". Mkunga ndiye aliyelifukuza. Jirani yao alikuwa amempelekea fundi gari lake, na mwezi haukuisha giaboksi ikafa; Mkunga akaamini fundi amechomoa vipuri. Tangu siku hiyo Mkunga hakumpumzisha binti yake: mumeo mwizi, unakula vya wizi. Aliyasema asubuhi, akayasema jioni, mpaka binti akaanza kumwangalia mumewe kwa jicho la pembeni. Ukaja ugomvi, na baada ya ugomvi yakaja masanduku.

Fundi alitoka chini ya lori, akafungua boneti huku injini ikinguruma. Mkunga akamsogelea mpaka begani.

"Simama kule, mama. Feni haina adabu."

"Nataka kuona unachofanya."

"Basi ona ukiwa mbali."

Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakirudisha, akakichomoa tena. Ncha tu ndiyo iliyokuwa imelowa.

"Hii inatakiwa iwe nyekundu safi. Yako imekuwa kahawia, tena imepungua sana. Nusa."

Mkunga akanusa. Ilinuka kuungua. Maisha yake yote alikuwa amejua kwa pua ni mzazi gani wa kuachwa apumzike na yupi wa kukimbizwa kwa daktari, na sasa, kwa hasira, alielewa kabla ya kuelezwa.

Fundi alilala chini, akamulika tochi. "Mpira unaopeleka oili kwenye rejeta umepasuka. Giaboksi haijafa. Ina kiu. Wale wenzangu walipima oili?"

"Walichomeka kompyuta."

"Boneti?"

Mkunga akaitazama boneti iliyo wazi. Wale hawakuifungua.

"Na wewe utanidai kiasi gani?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwishakataa.

"Mpira, filta na oili utanunua mwenyewe. Nitakuandikia aina ya oili, usikubali ubadilishiwe. Risiti ukae nayo. Sitaki kushika hela yako kabla hujaona kazi."

Maneno yalikuwa ya heshima, lakini yalimpiga kama kofi.

Alikwenda dukani, akarudi. Fundi alimwaga oili chakavu kwenye beseni, akafunga mpira mpya, akajaza, akapima, akapima tena. Kazi ilipokwisha alimfungulia mlango wa dereva.

"Panda. Oili ilipungua kwa mpira, lakini giaboksi unaiua mwenyewe. Ulipoingia ulirudi nyuma kukwepa lile pipa, ukatia D gari bado linarudi. Fanya tena, nione."

"Nimeendesha gari kabla hujazaliwa."

"Ndiyo maana limechoka. Simamisha kabisa. Mguu kwenye breki. Sasa tia D. Subiri ishike. Bado, usikanyage mafuta. Haya. Tena."

Alifanya. Akaambiwa tena, akafanya tena. Kwenye mteremko, fundi akasema, avute kwanza breki ya mkono, ndipo atie P, uzito wa gari usiangukie giaboksi. Tangu alipokuwa mwanafunzi wa ukunga hakuna aliyewahi kumwamuru hivyo, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba gari liliitika vizuri.

Alishusha kioo. "Mbona la jirani yangu lilikufia mikononi mwako?"

Fundi alijifuta vidole, kimoja kimoja.

"Lilikuwa linavuja kama lako. Nilimwambia mpira umekwisha, tuubadilishe. Akaona namtafutia hela, akaondoka, akawa anajazia mwenyewe. Oili ya injini."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuja kuniuliza?"

Mkunga akashika usukani.

"Mtu mzima yule, mtaa mzima unamsalimia. Nikamtangaze kwamba ameua gari lake kwa mkono wake? Nilidhani atasema mwenyewe. Mke wangu nilimwambia, mara moja. Wewe ulikuwa umeshamwambia mara mia."

Alichukua haki yake ya kazi, kidogo kuliko Mkunga alivyotarajia, akageuka kurudi kwenye lori lake.

"Juma lijalo nirudi?" Mkunga aliuliza.

"Gari lirudi, niangalie kama linavuja. Dereva awe yeyote."

Njia nzima gari lilibadilisha gia bila kushtuka, na ulaini ule ulimkera kuliko mitetemo ya asubuhi. Alimkuta binti yake jikoni akikata vitunguu.

"Amesemaje?"

"Mpira ulikuwa unavuja. Oili imeungua."

"Giaboksi?"

"Nzima."

Kisu kiliendelea na kazi. Mkunga alisimama mlangoni na mkoba wake begani, hakuingia wala hakutoka.

"Jirani alitia oili ya injini," alisema haraka haraka. "Ndicho kilichoua gari lake."

"Najua. Aliniambia."

Alisubiri alaumiwe, apate la kujibu. Binti alikusanya vitunguu kwa ubapa wa kisu, akavimimina kwenye sufuria, akakaa akivitazama.

"Amekonda?" aliuliza.

Mkunga alitaka kusema kwamba hakumwangalia. Alivuta kiti, akakaa.

"Amekonda," alisema.