Divai ya Meza ya Mtakatifu Isidro

Kitendawili! Mzee wangu wa mbao hana miguu wala meno; akishiba hulala kimya mwaka mzima, akibaki na nafasi tumboni hununa, na akishanuna hasuluhishiki. Nani huyo? Fikiri kwanza, usikimbilie. Umeshindwa? Basi nipe mji. La, mji mkubwa sina haja nao. Nipe kijiji, nipe Fuentelamora, kule juu ya mto Duero, ambako kila ukoo una pango lake la divai lililochimbwa kilimani, lenye mlango wake na ufunguo mrefu kama mkono wa mtoto. Umenipa? Haya, ni pipa la divai.

Visitación, ambaye kijiji kizima kilimwita Visi, alilijua jibu hilo kabla meno yake ya utotoni hayajang'oka. Baba yake, mzee Eutiquio, ndiye aliyemfundisha. Divai hupungua yenyewe ndani ya pipa, maana mbao nazo hunywa. Kwa hiyo mwenye pipa hushuka pangoni kila mara na dumu la divai ya kujazia, akafungua kizibo, akamimina taratibu mpaka divai ije kumgusa kidole.

"Ng'ombe akikosa nyasi atalia, utamsikia," mzee alikuwa akisema. "Pipa likikosa divai linakaa kimya tu, mpaka siku ya kukuaibisha mbele za watu."

Mwaka huo magoti ya mzee yalizikataa ngazi za pango. Mavuno yalipokwisha akamkabidhi binti yake ufunguo. Mapipa yao yalikuwa machache, ya watu wa kuvuna kwa mikono yao wenyewe, na lile dogo la mwisho, la zabibu za mizabibu mikongwe aliyoipanda babu wa Eutiquio mteremkoni, halikuuzwa. Hilo lilikuwa la meza ya Mtakatifu Isidro, mlinzi wa wakulima, mwezi wa Mei. Na mzee alimwambia Visi kwamba zabibu zile ndizo za mwisho alizozikata kwa mkono wake, hainami tena.

Sasa sikiliza, mjukuu wangu: Visi hakuwa mvivu. Ugonjwa wake ulikuwa kupenda sifa. Wageni walipanda kutoka mji wa Burgos na kamera zao shingoni, naye badala ya kuwapa divai ya kuuza akawapeleka moja kwa moja kwenye pipa dogo na kuwafungulia bilula.

"Onjeni hiyo! Ya hapo jirani kwa Honorina ni maji ya kuoshea ngazi."

Wageni wakacheka, Visi akamimina tena. Dumu la kujazia likaisha kabla baridi haijaisha, na divai ya kuuza ilikuwa imeshachukuliwa na wanunuzi. Angeweza kugonga mlango wa pili. Kwenye kilima kile watu huazimana jagi la divai kama wengine waazimavyo chumvi. Lakini Honorina alikuwa ameyasikia maneno ya maji ya ngazi. Kilima kina matundu ya hewa, na sauti hupita. Angeweza pia kuosha mawe ya mtoni na kuyatumbukiza pipani ili divai ipande, kama wafanyavyo waliopungukiwa. Akaona hayo ni ya maskini. Akajiambia, wiki moja haiui. Wiki iliyofuata akajiambia vilevile.

Sikukuu ilipokaribia alishuka, akafungua kizibo. Utando mweupe ulikuwa umetanda juu kama maziwa yaliyolala, na harufu ya siki ikamchoma mpaka machoni. Alionja. Akatema. Akakaa kwenye ngazi, na aibu ikamwingia kama baridi ya mle pangoni, ambayo haikupigi wala haikusukumi, inakukalia tu mifupani.

Hakumwambia mtu. Aliendesha gari mpaka mjini Aranda, akanunua divai dukani, tena nzuri, si ya kudharauliwa, akaijaza kwenye birika la kioo la nyumbani kwao, lile lenye mdomo mwembamba ambalo mtu huliinua juu na divai ikamiminika kooni bila midomo kuligusa.

Siku ya Mtakatifu Isidro sanamu yake ilizungushwa mashambani, padri akaibariki mizabibu, kisha watu wakapanda kilimani kwenye meza ndefu mbele ya mapango. Mbavu za mwanakondoo zilikuwa tayari zinachomwa juu ya vijiti vya mizabibu vilivyokatwa wakati wa kupogoa. Na desturi ikaanza: birika la kila pango lizunguke meza, na mzee Eutiquio aseme. Maana ulimi wake ndio uliokuwa mizani ya kilima kile. Akisema "itie chupani," ilitiwa. Akisema "iache ilale," hakuna aliyeigusa.

Birika la kwao lilitangulia. Melquíades, mchekeshaji wa kijiji, aliliinua, akanywa, akafuta masharubu. Akalisogeza mbele.

"Vipi wewe, leo umemeza ulimi?" watu wakamtania.

"Namwachia mwenye pango," akasema, naye macho yake yalikuwa kwa Visi.

Honorina akanywa. Mama yule alikunywa kidogo sana, akalishusha birika, akatazama mkate mezani kama anayehesabu makombo. Visi akajua kwamba wamejua. Masikio yakamwaka moto.

Mzee akapokea. Akanywa, akanywa tena.

"Visi," akasema. "Hii ni divai ya nani?"

Mafuta ya kondoo yalidondoka motoni yakatatarika. Visi aliuvuta mkate karibu, akachukua kisu.

"Ya nani tena, Eutiquio?" Honorina akadakia kwa sauti kubwa. "Si ya kwenu! Uzee nao, naona sasa umeanza kukutafuna ulimi."

"Yalitangulia magoti!" Melquíades akaongeza. "Chunga yaliyobaki, mzee, huenda mengine yashaondoka bila kuaga!"

Watu wakacheka upesi upesi, kicheko cha kumfunika mwenzao nguo. Visi alikielewa kicheko kile. Na kwamba aliyeanza kumsitiri ni Honorina, mwenye maji ya kuoshea ngazi, hilo lilimuuma kuliko kibao.

Mzee naye alicheka, kidogo. Akajaribu mara ya tatu, akiisogeza divai mdomoni kama mtu anayepapasa chumba chake mwenyewe gizani na kukuta vitanda vimehamishwa.

"Ndiyo yetu kweli, Visi?"

Visi akakata mkate. Akakata kipande kingine ambacho hakuna aliyekiomba.

"Basi nimekwisha," mzee akasema taratibu, akaliweka birika chini. "Mizabibu ya babu yangu, leo naionja naiona mgeni."

Melquíades, ili kuyavunja yale, akaleta birika lake mbio. "Haya mzee, niambie mimi. Nitie chupani au ningoje?"

Eutiquio akaufunika mdomo wa birika kwa kiganja. "Mpe Honorina. Mimi nitakudanganya bila kujua."

"Ah, mzee wangu, ule ulikuwa utani tu..."

"Utani wenu hauna kosa. Lakini mtu asiyeijua divai ya nyumbani kwake, ya jirani ataijuaje? Msinipe tena birika, jamani. Leo wala mwakani. Mtaziharibu divai zenu kwa ajili ya kunionea haya."

Akaomba fimbo yake. Nyama ilikuwa haijaiva, ilikuwa sikukuu, na yeye anakwenda nyumbani. Hakuna aliyecheka sasa. Aliondoka akiishika meza kwa mkono mmoja, kiti kwa kiti, na kila aliyempita alitazama sahani yake.

Honorina akamgeukia Visi. Hakuwa na hasira usoni. "Mwenzangu," akamwambia kwa sauti ya chini, "mimi nimeshasema langu. Limetosha hapo."

Visi alilitazama shati la baba yake mgongoni, lile la sikukuu, alilolipiga pasi mwenyewe asubuhi. Angeweza kumfuata, amweleze nyumbani, mlango umefungwa. Mzee angemsamehe, na kilima kingebaki kikimwona Eutiquio ni mtu aliyefiwa na ulimi. Alizeeshwa hapa, mbele ya watu.

Akasimama. Kisu cha mkate bado kilikuwa mkononi.

"Baba, ngoja."

Mzee akasimama, hakugeuka.

"Uliniuliza hii ni divai ya nani."

"Nimeshajibiwa, mwanangu."

"Hukujibiwa na mimi." Akakiweka kisu mezani. Honorina alikuwa amejifunika macho kwa mkono. "Ni ya dukani, baba. Nimeinunua Aranda. Ile yako nimeiua mimi, imekuwa siki yote."