Saa Moja Iliyopotelea Mpakani

“Kuanzia Jumatatu hii, saa kumi na nusu alfajiri, historia ya wanadamu itagawanyika mara mbili: kabla ya Fergus Tindale kuamka mapema, na baada ya hapo.”

Ndivyo ilivyosomeka karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa chumba namba tisa cha bweni. Chini yake palikuwa na ratiba: maji bilauli mbili, pushapu thelathini, kuoga maji baridi, uji wa shayiri, kisha baiskeli hadi ufukweni kabla ya saa kumi na moja na nusu.

Jumatatu hiyo, saa kumi na nusu alfajiri, historia ya wanadamu ilikuwa ikikoroma.

Tusimcheke upesi. Fergus, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe kutoka mbali huko bara, alitaka kitu kimoja tu duniani: kiti cha mbele katika mashua ya makasia ya klabu ya waokoaji wa ufukweni. Kocha Quilty, mama mwenye sauti ya king'ora, alikuwa amempa kiti hicho kwa wiki moja ya majaribio.

“Ukichelewa mara tatu, anakaa Bevan,” alimwambia.

Bevan Skerritt alikuwa na mabega ya kabati na usingizi wa kuku. Jumamosi kulikuwa na mashindano, na baba yake Fergus angewaachia majirani ng'ombe wake, aendeshe gari mwendo wa saa tisa kuja kumwona mwanawe akivuta kasia.

Kilichomponza Jumatatu kilikuwa simu. Bweni liko mitaa mitatu kutoka mpaka wa majimbo mawili ya Australia. Majira ya joto, upande wa New South Wales watu husogeza saa mbele kwa saa moja. Ng'ambo ya mpaka, Queensland, hawasogezi kitu. Simu ikiachwa dirishani hunasa mnara wa simu wa ng'ambo, na ikishaunasa hurudi nyuma saa nzima bila kuaga. Fergus aliyajua hayo. Ila aliiweka dirishani ili iwe mbali na mkono wake, kama wanavyohimiza mabingwa wa kuamka mapema.

“Unatoka wapi?” Kocha alimuuliza, maji yakimfika kiunoni.

“Simu yangu ilivuka mpaka, Kocha.”

“Ungeifuata hukohuko. Moja!”

Dougal Mawhinney, aliyelala naye chumba kimoja, alipopata habari alicheka hadi akaanguka kitandani. “Mzee wa ratiba! Kumbe historia imeanza saa moja nyuma!”

Jumanne na Jumatano Fergus aliwahi, kwa sababu hakulala kwa kuogopa kulala. Kisha posta ikamletea ukombozi: saa ya bibi yake, ya kijani, yenye kengele mbili kichwani na ufunguo mgongoni, isiyojua mnara wala mpaka. Akaikaza, akaiweka karibu na mto, akalala kama mtoto aliyenyonya.

Alhamisi ikalia saa nzima baadaye.

“Mbili!” Kocha alipiga kelele kutoka kwenye mashua.

“Hivi uliiweka kwa kufuata simu yako?” Dougal alimuuliza, kwa uso wa padri.

“Ndiyo.”

“Basi simu ilikuwa Queensland, bwana. Wewe unadhani nini?”

Fergus akajipiga kofi kwenye paji la uso. Hakuwa na mwingine wa kumlaumu, akajilaumu.

Ijumaa, baada ya chakula cha jioni, alirudi bwaloni peke yake, saa ikiwa kwapani, akasimama chini ya saa kubwa ya ukutani. Bi Noreen wa jikoni alimtazama.

“Mwanangu, unaipeleka saa matembezini?”

“Naifundisha, Bi Noreen.”

Akaziweka sawa, dakika kwa dakika. Sasa hapakuwa na pa kukosea.

Jumamosi kengele zikalia. Fergus akaruka. Maji bilauli mbili. Pushapu thelathini, akaongeza tano za baba. Maji baridi yakamkata pumzi. Uji akaula wote. Nje jua lilikuwa limeamka mapema kuliko kawaida, akalisifu. Akapanda baiskeli akiimba.

Ufukweni mashua ilikuwa imeshavuka mawimbi, Bevan mbele.

Mchangani alisimama mzee mmoja mwenye kofia ya machungani, mkononi mikate miwili ya yai na nyama ya nguruwe.

“Nilidhani ni wewe yule wa mbele,” baba alisema. “Nikampungia mkono.”

Fergus aliilaza baiskeli mchangani.

“Kula, mwanangu. Umepoa kidogo.”

Akala. Angefanya nini kingine? Mchana baba akarudi kwa ng'ombe wake.

Fergus alipoingia chumbani, aliiweka saa ya bibi juu ya kitanda cha Dougal.

“Saa hii haina laini,” alisema. “Na jana niliiweka kwa saa ya bwalo. Humu tulilala wawili.”

Dougal akaanza kuikagua dari.

“Lete simu yako.”

Ilikuwa dirishani, ikichaji. Nje kengele ya chai ya saa kumi ilikuwa inalia. Simu ilisema saa tisa.

Basi, yatosha. Dougal Mawhinney ni mimi. Nimejificha nyuma ya jina langu tangu mwanzo, na sasa sina pa kwenda. Ya Alhamisi ilikuwa utani: niliirudisha mishale nyuma ili nione uso wake, nikaisingizia simu yake. Uongo ule ulikuwa mtamu hata nikauamini mwenyewe. Ijumaa, Fergus alipolala, dhamiri ikanisuta. Sikujua ameipeleka bwaloni. Nikasema ngoja nimhakikishie saa, asije akakosea tena. Nikatazama simu yangu, nikaona saa ya bibi iko mbele kwa saa moja, nikairekebisha, nikalala usingizi wa mtu mwema.

“Kwa hiyo ya leo ilikuwa msaada?” Fergus aliniuliza.

“Msaada.”

Akaichukua saa ya bibi yake. “Heri ungenitania tena.”

Nilimwendea Kocha nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, akasema ninayosema huenda ni kweli, ila kiti kina mtu.

Karatasi bado iko mlangoni. Siku hizi naamka saa kumi na nusu bila kengele yoyote, namtazama Fergus akilala hadi jua linapoingia, nami sithubutu kumwamsha.