Damu Safi ya Wilder

Kwetu Iquitos mtu haendi kwa daktari akiwa mchafu. Basi siku kumi kabla ya kipimo cha damu, nilimchemshia mdogo wangu Wilder magome ya ukucha-wa-paka, mti wetu wa kutuliza uvimbe. Miezi saba alikuwa amelala tu, ameelekea ukutani, hasemi na mtu.

"Kunywa, wewe! Unataka daktari aione damu yako chafu hivyo?"

Alikunywa.

Daktari Tuanama alisoma majibu. "Dada, damu yake ni safi kabisa."

"Si nilijua!" nikacheka kwa fahari.

Yeye hakucheka. "Dawa hii mpya ya sonona tunawapa wale tu ambao damu yao inaonyesha mwili una uvimbe wa ndani. Kuna kitu mlimpa?"

Mbele ya makoti meupe sisi hukana mizizi yetu, wasije wakatuita washenzi.

"Maji tu, daktari."

Akachukua kalamu akalikata jina la Wilder kwenye orodha ya watakaopewa dawa.

"Mwambie, dada," Wilder akasema.

Miezi saba, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza. Nikamfinya mkono anyamaze.

Akanyamaza. Mpaka tunamzika, hakusema tena.