Maji Kwenye Dawa ya Fundi

Uvumi wenyewe ulinikuta dukani, nanunua sabuni. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alimwambia mwenzake, "Nyumba akiingia yule wa mkoba, anzeni kuazima viti." Nikajifanya sijasikia. Lakini maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki, hayamezeki wala hayatoki.

Yule wa mkoba ni binti yangu. Ni muuguzi, anawafuata majumbani wagonjwa ambao hospitali imesema haina tena cha kuwaponya. Anawasafisha vidonda, anawapa dawa kali ya maumivu, anawatuliza jamaa zao. Wagonjwa wa namna hiyo hufa, muuguzi aje asije. Sasa nenda kawaeleze watu. Mtaani walishampa jina, Dada Mkoba, na mimi nikawa Mama Mkoba. Wapo waliofunga madirisha akipita.

Jirani yetu fundi seremala, mwenye saratani ya mifupa, yeye hakumwogopa. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta binti yangu anamgeuza ubavu.

"Dada Mkoba," fundi akasema, "leo umekuja kunipima urefu? Mbao ninazo, usihangaike."

"Nimekuja kukupima homa, baba. Tulia."

"Na hii dawa yako siku hizi mbona haina uchungu? Au ulimi nao umeshatangulia?"

Tukacheka. Dada yake fundi, aliyehamia pale kumuuguza, hakucheka. Alisimama mlangoni akifuta bilauri iliyokwisha kukauka zamani.

Jioni binti yangu alikula huku mawazo yako mbali. "Maumivu ya fundi hayashikiki, mama. Tumepandisha dozi, tukapandisha tena, bado analia. Daktari amekubali tuongeze zaidi. Kesho nampelekea chupa mpya."

Kesho yake nilikuwa nafua uani, dada yake fundi akaja. Akachuchumaa karibu yangu, mpole, kama mtu aliyekuja kunitendea wema.

"Mama Mkoba, mimi si mtu wa maneno. Ila mwambie mwanao apunguze kuja kwetu. Watu wanasema ile dawa ndiyo inayowamaliza."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimeshaikata makali. Chupa ikifika tu, namwaga nusu chooni, najaza maji. Hata wifi yangu hajui. Kaka yangu unamwona bado anapumua? Ni kwa yale maji. Ile mpya nayo naingojea, mwanao akishaondoka tu."

Nikaiacha nguo ndani ya povu. Shule niliishia ya msingi, lakini hesabu ile haikutaka shule. Mwili wa fundi umezoea maji. Wao wanaongeza dozi wakidhani anakunywa dawa. Na kijiko cha kwanza cha chupa mpya, kabla maji hayajatiwa, kitakuwa dawa tupu, kali ya kumuua.

Nikampigia binti yangu. Simu imezimwa. Huwa anaizima akiingia kwa mgonjwa. Nikatoka mbio, miguu mitupu.

Nilimkuta mke wa fundi amemwinua mumewe kichwa, kijiko kimejaa, kimefika mdomoni. Binti yangu amesimama kando anaangalia kipimo.

"Usimpe," nikasema. "Alikuwa anatiliwa maji. Wifi yako kaniambia sasa hivi."

Wifi mtu alikuwa ameingia nyuma yangu, anahema. "Mimi? Sijui anazungumza nini huyu mama."

Binti yangu hakubishana na mtu. Aliinama. "Baba, niambie kweli. Ile ya chupa ya zamani ina ladha gani?"

"Ya maji," fundi akasema. "Si nilikwambia? Mkacheka." Kisha akashika mkono wa mkewe wenye kijiko. "Lakini hii nipeni. Nipeni yote. Nimechoka."

Mkewe akanitazama mimi, akamtazama muuguzi. Binti yangu akakitoa kijiko mkononi mwake taratibu, akampigia daktari, akampa fundi dozi ndogo ya kuanzia. Akakaa naye, anamsikiliza pumzi. Adhuhuri fundi akalala bila kuguna.

Aliishi wiki chache, akitania, kisha akafa usingizini. Msibani dada yake alilia kuliko wote. "Kaka yangu alikuwa hai mpaka walipobadilisha chupa," alisema, na watu wakatikisa vichwa. Sasa uvumi umepata miguu.

Juzi nimesikia dada huyo ameitwa kumuuguza mama yao mkubwa, mtaa wa pili. Binti yangu ndiye muuguzi wa huko. Nimekwenda kuwaonya, hawakunifungulia mlango. Ndiyo maana naandika.

Usiongeze maji kwenye dawa ya mgonjwa, hata kama ni kwa mapenzi.

Usimpe mtu anayeiogopa dawa kazi ya kuitunza.

Ukiwa umepunguza dawa, usimfiche muuguzi. Atakasirika, basi.

Mgonjwa akisema ladha imebadilika, usicheke.

Usimfungie muuguzi mlango kwa maneno ya dukani.

Dada yake fundi akija kukusaidia kuuguza, usimwache peke yake na chupa.