Mama wa Kulia

Mimi nimekufa mara nyingi kwenye video za watu, na niwaambie ukweli, kufa kunachosha. Unalazwa kitandani tangu asubuhi, umefunikwa shuka jeupe hadi kidevuni, joto la Malindi linakuchemsha kama muhogo, na msanii amepiga magoti pembeni anakuimbia makosa yake yote. Ukikohoa, wanaanza upya. Siku nisipokufa, nalia. Na miaka hii ya mwisho nilikuwa nalia zaidi kuliko kufa.

Jina langu ni Kadii, lakini mtoto wangu wa kwanza aliitwa Vivian, kwa hiyo watu wote huniita Mama Vivian. Wapiga video wa huku kwetu, kuanzia Malindi mpaka Kilifi, wameniandika kwenye simu zao Mama Machozi, wakidhani sijui. Wa kwanza kunichukua alikuwa Ndirangu, kijana wa bara aliyekuja pwani na kamera moja akafungua studio nyuma ya duka la magodoro. Ana adabu, siwezi kumnyima haki yake. Shikamoo yake haikosi hata siku umemuudhi. Aliniona nikilia kwenye matanga ya jirani yetu hapa Sabaki. Akangoja hadi tukamaliza kuzika, kisha akaja kuniuliza kama naweza kulia vile vile Jumanne. Nilitaka kumtandika kofi. Lakini nilikuwa na watoto wengine wawili shuleni, na Simeon, mume wangu, kazi ya kubeba chumvi Gongoni ilikuwa imeshamvunja mgongo. Nikaenda Jumanne.

Ndirangu humtenganishi na neno konsepti. Kila wimbo lazima uwe na konsepti, na zote humjia akiwa bafuni. Wimbo wa mtu aliyeachwa na mpenziwe, atampeleka msanii Gongoni kwenye marundo ya chumvi, amvike koti zito na kofia ya sufu, aseme ile ni theluji. Msanii anavuja jasho hadi kwenye soksi, lakini ukija kuitazama video unamwona anatetemeka kwa baridi, hata wewe unatafuta shuka. Wimbo wa toba atauzamisha mtoni, pale Sabaki inapoingia baharini na maji ni mekundu kwa udongo, msanii aibuke na shati jeupe ambalo halitakuwa jeupe tena maishani. Akitaka mambo yaende polepole, wimbo unapigwa mbio mbio kama umefukuzwa na nyuki, na nyote mfanye kila kitu mbio mbio. Halafu yeye huko kwenye kompyuta yake anaurudisha mwendo wa kawaida, na nyinyi mnaonekana mnaelea. Mimi nimewahi kuambiwa niharakishe kilio. Nikaharakisha, ningefanyaje?

Wanawake wenzangu huniuliza siri yangu ni nini, maana mimi sikutumia kitunguu wala ile dawa ya mafua ambayo wengine hujipaka chini ya macho. Siri yangu ilikuwa Vivian. Alikuwa na miaka tisa homa ilipomchukua. Mtoto huyo alikuwa akitoka shule ameshika viatu mkononi, anatembea pekupeku kwenye mchanga unaounguza, na ukimuuliza anasema anavitunza visiishe. Basi kamera ikiwashwa, mimi nilifumba macho nikamwita, naye akanijia barabarani na viatu vyake mkononi, na machozi yakashuka yenyewe. Wimbo wa mlevi aliyemsahau mama yake, nilimwita Vivian. Wimbo wa mwanasiasa anayeahidi kuwakumbuka wajane, nikamwita Vivian, Mungu anisamehe. Kila aliyebisha hodi nilimtolea yeye.

Mwaka jana nikamwita, akaja, na hakuna kilichotokea. Nilimwona vizuri kabisa, mchanga, viatu, sketi ya shule, lakini ilikuwa kama kumwangalia mtoto kwenye kalenda ya dukani. Ndirangu akangoja na kamera yake. Nikamwita tena. Akaja tena, maskini, mtiifu vile vile, na macho yangu makavu. Siku hiyo nilipakwa dawa ya mafua kama wengine, nikasingizia uchovu.

Mwanzoni sikujali, nikasema yatarudi. Nilijali mwezi wa Agosti, tulipomwekea Vivian msalaba wa saruji, kwa sababu ule wa mti ulikuwa umeliwa na mchwa. Watu wa kanisa walikuja wakaimba. Simeon, ambaye hata mgongo wake haujawahi kumliza, alishika ule msalaba akalia mabega yakimtikisika. Mimi nilisimama kando nikingoja zamu yangu. Nikajifinya paja. Wapi! Mwisho nikaona watu wananitazama, nikafunika uso kwa leso nikatikisa mabega, nikaigiza. Juu ya kaburi la mwanangu mwenyewe niliigiza, na wale akina mama wakanishika mikono wakinipa pole.

Simeon hakudanganyika. Video zangu zote ameziona, anajua ninavyotikisa mabega. Tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniambia, bila hata hasira, "Uchungu wetu umewagawia wenye nyimbo mpaka umekwisha, Kadii. Sisi tumebaki na nini?"

Nilimjia juu. Nilimuuliza nani amewasomesha watoto, nani amenunua mabati, nani amemnunulia yeye dawa za mgongo. Nikasema mpaka mate yakanikauka, na hatukusemezana hadi Jumapili. Lakini moyoni nilijua amesema kweli, na niliogopa. Mtoto mwenyewe sina, picha yake sina, maana wakati ule hatukuwa na simu za picha, na sasa hata uchungu wake sina. Mtu unaweza kuutaka uchungu wako kama unavyotaka chakula. Nilitaka unirudie na sikujua unatafutwa wapi.

Disemba Ndirangu akapiga simu. Akanisalimia vizuri, akaulizia mgongo wa mzee, halafu akasema safari hii hakuna kulia, ni wimbo wa harusi, kazi yangu ni kucheka tu. Nilishukuru kweli. Msanii mwenyewe alikuwa Cindy, binti wa Kilifi mwenye sauti nzuri na maneno mengi. Tulienda kupiga video Kaloleni, kwenye nyumba moja iliyozungukwa na minazi, na akina mama wa kupiga kayamba na kucheza walikodishwa hapo hapo kijijini.

Konsepti ilikuwa hivi. Bibi harusi anatoka ndani na gauni jeupe refu, anafika mlangoni, mama yake anaivua leso yake mwenyewe, ile khanga aliyojifunga, na kumfunga kiunoni juu ya lile gauni, halafu wanacheka, halafu moshi wa rangi, halafu kayamba, halafu anasindikizwa kwenye gari. Ndirangu alisema ile leso juu ya gauni itasema mambo yote, hatahitaji kuongeza kitu. Nikamwambia leo bafuni umeoga vizuri. Akacheka.

Tulirudia na kurudia. Mara moshi umekuja mapema, mara jogoo amepita katikati, mara Cindy amekanyaga gauni. Mimi nilikuwa nacheka kwa meno tu, taya zikiniuma. Ndipo ikafika mara moja, sijui ya ngapi, ninamzungushia leso kiunoni, Cindy akaniinamia sikioni akaninong'oneza, si kwa ajili ya kamera, "Mama, usinikaze sana. Nimekula wali mwingi."

Nikacheka kikweli. Mikono yangu ilikuwa imemshika, na kile kilikuwa kiuno cha mwanamke mzima, chenye joto, kilichoshiba. Na hapo hapo likanijia kwamba Vivian angekuwa rika lake. Miaka yote ile nilimweka barabarani, mtoto wa miaka tisa, viatu mkononi, kwa sababu ndivyo alivyoniliza. Sikuwahi kumpa hata siku moja zaidi. Sikuwahi kumwona akirefuka, akinijibu vibaya, akichelewa kurudi, akileta mwanamume nyumbani tukamchukia sote. Na angenisemesha hivyo hivyo, nina hakika, angesema mama usinikaze, maana alikuwa mtoto wa kupenda kula. Fundo la ile leso lilinishinda kufunga. Machozi yalikuja mengi kuliko nilivyowahi kuyajua, na kicheko bado kiko mdomoni. Cindy akanishika mabega bila kuelewa. Nikamsikia Ndirangu anasogea taratibu na kamera, anasema kwa sauti ya chini, hapo hapo, hapo hapo, mtu asitikisike.

Alipomaliza aliirudisha akaitazama kwenye kamera, na yeye mwenyewe akajifuta macho. Akaniambia tangu azaliwe hajapiga kitu kama kile.

Nikamwambia akifute.

Alidhani natania. Alipoona sitanii, akaanza kunieleza kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Video itafika hadi Dar es Salaam, watu watalia na mimi, ataniongezea malipo, jina langu ataliandika kubwa mwishoni. Mimi nikakaa kwenye kizingiti cha ile nyumba. Jua lilikuwa linashuka, na kumsindikiza bibi harusi hadi kwenye gari kulikuwa bado, na hapo nami nilitakiwa nionekane. Sikuinuka. Nilichoka mwili mzima, lakini kukaa tu naweza hata siku nzima.

"Vile vilio vingine vyote nilikupa," nikamwambia. "Vyote vilikuwa vya Vivian, na nilikupa kwa hiari yangu. Hiki sikukupa, Ndirangu. Umekikuta umekichukua."

Akanitazama. "Kwani Vivian yuko wapi siku hizi, Mama?"

Miaka yote ananiita Mama Vivian, na hakuwahi kuuliza. Alidhani nina binti mahali fulani, Mombasa labda, ana kazi yake. Sikumkasirikia. Na mimi sikuwahi kumwambia. Nikamwambia pale kizingitini, kwa maneno machache, homa, miaka tisa, na kwamba ndiye aliyelia kwenye video zake zote. Cindy alikuwa amesimama na gauni amelikusanya mkononi. Ndirangu akakaa chini kwenye udongo na suruali yake nzuri. Kisha akaja na kamera, akanionyesha ile picha yangu nikicheka na kulia, akaniuliza mara moja tu kama nina hakika, akaifuta mbele ya macho yangu.

Tukarudia. Nilimfunga Cindy ile leso kama mtu anayefunga gunia, nikacheka kwa meno, nikamsindikiza kwenye gari, na kazi ikaisha.

Video ilitoka mwaka mpya. Nimeambiwa maneno ya watu, na mengine nimejisomea mwenyewe kwenye simu ya mwanangu. Wimbo mtamu, Cindy mrembo, kayamba safi, lakini yule mama ni nani, mbona amekaa kama gogo. Mwingine akaandika kwamba Mama Machozi amezeeka, amekwisha, atafutwe mwingine. Wakamtafuta. Siku hizi ni Phoebe wa Mtwapa anayekufa na kulia, na ninasikia analia vizuri. Ndirangu hunipigia kunisalimia, ananiulizia hali, lakini kazi haitaji. Simlaumu. Mimi ninauza mahamri asubuhi, na Jumamosi nafua nguo za watu, na hiyo nayo inachosha, lakini nazifua nikiwa na mambo yangu mwenyewe kichwani.

Siku ile ya kupiga video tulilala Kaloleni, kwa hiyo nilifika nyumbani kesho yake jioni. Simeon alikuwa ameketi nje akinyoosha mgongo ukutani. Hakuniuliza nimelia wimbo gani, maana tangu Agosti alikuwa ameacha kuuliza. Nikawasha jiko, nikateleka maharagwe, na nikiwa nimempa mgongo nikamwambia Vivian angekuwa ameshaolewa sasa.

Akaacha kunyoosha mgongo, nikadhani nimemkosea tena. Halafu akauliza, "Na nani?"

Nikamwambia labda mtu wa Kaloleni. Akasema wa Kaloleni hapana, wamelelewa na pombe ya mnazi. Nikamwambia basi mwalimu. Akauliza mwalimu wa wapi, wa somo gani, baba yake ni nani. Tukambishania huyo mkwe mpaka akawa na sura. Mimi nilimtaka mrefu, Simeon akasema warefu ni wavivu. Akaanza kutaja mahari, mbuzi, blanketi la bibi, mtungi wa mnazi wa mzee, nikamwambia wewe ulishasema walevi huwataki na sasa unaitisha mnazi, kijana wa watu atakimbia. Tukacheka. Nilikuwa sijasikia Simeon akicheka tangu sijui lini.

Kisha kicheko kikamwisha. Akatazama mikono yake.

"Lakini asiolewe mbali, Kadii," akasema. "Mimi hilo sikubali. Aolewe hapa karibu, tuwe tunamwona."

Nikaacha jiko nikaenda kukaa karibu naye, nikalia. Naye akalia. Tukamlia binti yetu aliyekuwa mtu mzima, mke wa mwalimu, mpaka maharagwe yakaungua.