Kulowa si Kubatizwa

Odessa Pinkney alivuka barabara ya kando ya mto akiwa amevaa kanzu nyeupe ya ubatizo, kandambili za bafuni miguuni na kofia ya plastiki ya kuogea kichwani, kwa sababu nywele zake zilitoka saluni jana na hakuona kwa nini Roho Mtakatifu agombanishwe na msusi. Wakimbiaji wa asubuhi walipunguza mwendo kumtazama. Kijibwa kimoja kilichovalishwa koti kilimbwekea, kisha kikaona haya kikajificha nyuma ya bwana wake. Odessa hakumjali mtu wala mbwa. Alikuwa na miaka sitini na minane, na moyo ulimdunda kama wa mwari anayesubiri kuposwa.

Leo anaingia mtoni!

Mama yake, Lavinia, alibatizwa katika mto huu wa Anacostia enzi ambazo kanisa zima liliteremka ukingoni likiimba. Zamu ya Odessa ilipofika, mto ulikuwa umegeuka jaa la jiji la Washington: matairi, mafuta, na mengine yasiyotajwa mezani. Kanisa likajenga birika ndani, nyuma ya kwaya, lenye maji ya vuguvugu. Wenzake wote waliingia humo. Yeye, kitoto cha miaka kumi na miwili, akasimama akasema, "Mama aliingia mtoni, na mimi nitaingia mtoni." Basi. Ukoo wa Pinkney haujui kurudisha neno likishatoka. Aliimba kwaya, alipika vyakula vya misiba, alifundisha watoto Biblia hadi mvi zikamwota, na hajabatizwa. Watu walimwita mpishi asiyeonja. Mama yake alifariki huku bado akimwuliza, "Lini, mwanangu?" na swali hilo lilimkaa kooni miaka yote.

Kisha mto ukapona. Jiji lilichimba mahandaki ya kuyazuia maji machafu, likapanda nyasi na miti, likatandika njia ya mbao ukingoni. Korongo walirudi, na nyuma ya korongo wakaja watu. Yalipokuwa maghala ya makaa yakasimama maghorofa ya vioo, na chini ya maghorofa maduka ya kahawa ambamo kikombe kimoja kilikuwa na bei ya kuku mzima. Kodi zikapaa. Nusu ya waumini wakahamia mbali, Maryland, na sasa walirudi Jumapili kwa magari, wakiyapanga barabarani safu mbili mbili kama walivyofanya tangu zamani, alimradi ibada imalizike salama.

Hapo ndipo Odessa alipomfahamu Maren, msichana mrefu wa ghorofa ya nne, mkabala na kanisa. Jumapili moja aliingia katikati ya mahubiri akiwa na kaptura ya kukimbilia, akauliza ni gari la nani limemzibia njia. Lilikuwa la Odessa. Odessa alimkazia macho, akafungua kitabu cha nyimbo, akaimba beti zote. Msichana alisubiri mlangoni hadi amina ya mwisho. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

"Miaka yote tuliyoishi na uvundo," Odessa alipenda kusema, "sikuona hata mmoja wa wageni hawa wa maghorofani aliyekuja kutusaidia kunusa."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulisema. Aliipenda ile njia ya mbao. Kila alfajiri aliitembea peke yake, akiwaangalia kasa wakiota jua juu ya magogo, na furaha ilimpanda hadi ikamtia aibu, kama mtu anayekula karamu ambayo hakualikwa. Mto ulisafishwa kwa ajili ya nani? Alijua jibu, na jibu lilimchoma. Bado kesho yake alirudi.

Ukingoni, kanisa lilikuwa limekwisha kusanyika. Mchungaji Broadus, mzee wa miaka themanini na ushee, alisimama ndani ya buti za wavuvi zilizomfika kifuani. Kando yake alikuwa Shemasi Lucius Tolliver, mnene, mwenye upara unaong'aa.

"Dada Odessa," Lucius alisema, akiitazama ile kofia, "umekuja kubatizwa au kuoga?"

"Wewe mambo ya nywele yaache, Shemasi. Zako zilikutoka siku nyingi."

Watu wakaangua kicheko. Lakini mlinzi wa bustani hakucheka. Alikuwa chini ya mlingoti wenye bendera ya kijani, ya kuruhusu watu kuingia majini, akiliangalia wingu zito linalopanda kutoka magharibi.

"Mchungaji, fanyeni haraka," alisema. "Radi ya kwanza tu, natoa kijani napandisha nyekundu. Mvua ikinyesha mitaro itafurika, uchafu wote uje mtoni. Na hii ndiyo Jumapili ya mwisho ya msimu. Kibali kingine mwakani."

"Mwakani mimi sitakuwa na mikono ya kumwinua mtu," Mchungaji alijibu. "Hata leo nimeazima. Njoo, mwanangu."

Odessa alivua kandambili, akaingia. Maji yalikuwa baridi hata akapiga ukelele, na ukelele ukageuka kicheko. Tope laini lilimpenya katikati ya vidole. Mama alilikanyaga tope hili! Kwaya ikaanza kuimba nyuma yake; machozi yakamlengalenga, naye hakuyafuta.

Sasa, kanisani kwao kanzu ya ubatizo hushonewa vizito katika pindo, isije ikaelea na kumwaibisha mtu mbele ya waumini. Odessa alijishonea mwenyewe, kwa vipande vya risasi, vile ambavyo wavuvi huzamishia ndoana. Na kwa kuwa mto si birika, aliongeza maradufu. Kisha, usiku wa kuamkia leo, usingizi ulipogoma kuja, akaongeza tena.

Maji yalipomfika kiunoni, pindo lilizama topeni likanasa. Alivuta mguu, mguu ukakataa. Akayumba, akamshika Lucius mkanda, Lucius akamshika Mchungaji, na Odessa akaenda chini mzima mzima, kofia na kila kitu, kabla hata jina moja la Utatu halijatajwa. Akaibuka akikohoa, akazama tena. Wanaume wale wawili walimvuta huku na huku kama watu wanaogombea gunia.

"Anazama! Bibi anazama!"

Sauti ilitoka majini. Msichana mmoja aliyekuwa amesimama juu ya ubao akipiga kasia alijirusha, akaja kwa kasi ya samaki. Kasia lake, ambalo hakuliachia, lilimpata Shemasi begani. "Msimzamishe! Mna wazimu?" Akampitisha Odessa mkono kifuani, akamng'oa topeni, akamburura hadi nchi kavu, akamlaza mchangani, na alikuwa tayari kumpulizia pumzi mdomoni Odessa alipompiga kofi mkononi.

"Niache! Nilikuwa nabatizwa!"

Msichana akaganda; alikuwa Maren, yule wa ghorofa ya nne. Alitazama kanzu, akatazama kwaya iliyoacha vinywa wazi, akamtazama Mchungaji aliyekuwa akitoa maji ndani ya buti. Uso ukamwiva.

"Mungu wangu," alisema. "Samahani. Niliona wanaume wawili na mwanamke mmoja, na... samahani sana, Bibi."

Kwa mbali, wingu likaguna. Mlinzi akaishika kamba ya bendera.

"Haikuwa radi hiyo!" Odessa alipaza sauti. "Lori hilo, liko darajani!"

Mlinzi alimtazama, akaitazama kamba. "Inawezekana," alisema taratibu. "Kuna malori mengi siku hizi."

"Lakini Dada, si umekwisha kuzama?" Lucius alisema, akijikanda bega. "Mara mbili. Mungu ameona."

"Nimelowa tu, Shemasi. Kulowa si kubatizwa." Sauti ilimkatika. "Sikungoja maisha yangu yote nije kulowa."

Lucius alijaribu kuinua mkono. Bega likakataa. Mchungaji aliitazama mikono yake iliyokuwa ikitetemeka, naye Odessa aliiona, na hofu ikamshika: kwamba ataondoka hapa jinsi alivyokuja, akiwa amelowa, na swali la mama yake kooni.

Maren alikuwa amepiga magoti, akipapasa pindo la kanzu. "Hiki ndicho kilichokuzamisha. Umebeba duka zima la wavuvi." Akakata nyuzi kwa meno. Vipande vya risasi vikamwagika mchangani, naye akaviokota kimoja kimoja. "Visirudi mtoni," alinong'ona, kana kwamba anaomba radhi kwa jambo hilo pia. Kisha akainua macho. "Mimi naweza kumwinua. Nimeshamwinua."

"Wewe ni mbatizwa?" Lucius akauliza.

"Hapana."

"Basi haiwezekani. Anayeshika mkono wa pili ni shemasi. Ndivyo ilivyo."

Mchungaji Broadus alikohoa. "Lucius, Simoni wa Kirene alipobebeshwa msalaba, nani alimwuliza anasali wapi? Alikuwa anapita njia, na alikuwa na mabega." Akamgeukia Odessa. "Lakini neno ni lako, mwanangu."

Odessa alimtazama yule msichana. Nywele zilimganda usoni, midomo ilikuwa ya bluu kwa baridi, na viganja vilijaa risasi. Alikumbuka jinsi alivyomsimamisha mlangoni mwa kanisa kwa beti zote zile, na jinsi ilivyomfurahisha. Alikuwa na maneno mengi aliyomwekea. Aliyatafuta, hakuyapata.

"Unajua kushika?" akauliza.

"Najua."

"Ukiniangusha, gari lako halitoki pale mpaka Krismasi."

Wakaingia. Safari hii kanzu ilielea kidogo na Odessa hakujali ni nani anaona nini. Mkono wa Mchungaji ulikuwa mwepesi mgongoni mwake. Ule mwingine ulikuwa imara. Juu yao, katika roshani za vioo, watu walikuwa wametoka na vikombe vyao vya kahawa, na hakuna aliyekuwa akinywa.

"Kwa jina la Baba," Mchungaji alisema, "na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Akaenda chini.

Kimya. Baridi yote ya dunia, mwanga wa kijani, na wimbo wa kwaya ukimjia kutoka mbali sana, kana kwamba unaimbwa na watu wa zamani. Kisha akainuliwa, na mbingu zikapasuka: radi ya kweli, isiyoweza kusingiziwa lori, na mvua ikashuka kwa matone mazito. Waumini wakapiga vigelegele. Kofia ya plastiki ilikuwa imekwenda na mto na nywele za saluni zilikuwa zimeharibika kabisa. Odessa alicheka, akalia, akacheka tena.

Bendera nyekundu ilipanda. "Tokeni majini!" mlinzi alipiga kelele. "Jamani, tokeni!"

Mchungaji alikuwa ameshageuka kuelekea ukingoni, ameshikwa na wanakwaya wawili. Lakini Odessa alisimama palepale, macho ameyafumba, mvua ikimpiga usoni. Maren alikuwa angali amemshika mkono.

"Bibi," alisema kwa sauti ndogo, "nikuachie sasa?"

"Bado," alisema Odessa. "Bado kidogo, mwanangu."